Penseli ya Mtabiri

Katika mji wa Norman, jimbo la Oklahoma, Marekani ina Kituo chake cha Utabiri wa Dhoruba, na humo wapo watabiri ambao mpaka leo wanachora ramani kwa mkono. Mtabiri wa namna hiyo akishika zamu huchapisha ramani isiyo na mistari, yenye tarakimu tupu zilizoletwa na vituo: joto, unyevu, kanieneo, upepo. Kisha huchukua penseli za rangi, akaanza kuunganisha kituo na kituo. Kompyuta iliyo mbele yake ingechora mistari ile yote kabla hajamaliza kuchonga penseli. Yeye huchora vivyo hivyo.

Wapo wanaouona uchoraji huu kuwa ukale. Kwangu mimi ni ufundi wa heshima kubwa, na nasikitika kuona unavyozidi kubaki mikononi mwa wachache. Mkono unaochora hauwezi kuruka kituo. Hupita kila kimoja, na penye jambo hukwama: kwa nini upepo hapa unatoka kusini-mashariki ilhali vituo jirani vyote vinauonyesha ukitoka kusini? Kwa nini unyevu hapa umepanda tangu saa iliyopita? Kompyuta huilainisha hitilafu kama hiyo, ikaimeza ndani ya wastani. Mchoraji huizungushia duara, akakaa akiitafakari. Mara nyingi ni papo hapo ambapo wingu la kwanza litapanda jioni.

Na katika tambarare za Oklahoma, jioni ya majira ya kuchipua si ya kuchezea. Miezi ya Aprili na Mei hewa ya joto yenye unyevu husukumwa kutoka Ghuba ya Mexico kwenda kaskazini, ikitambaa karibu na ardhi. Juu yake hupita hewa kavu ya moto iliyotoka nyanda za juu za Mexico na New Mexico, nayo huikandamiza ile ya chini kama kifuniko cha sufuria ambayo moto wake unazidi kukolezwa. Ndiyo maana mtabiri mzoefu hatulizwi na anga jeupe la saa nne asubuhi. Kifuniko kikishikilia mpaka usiku, watu watalala salama, na baadhi yao watamlaumu kwa kuwatisha bure. Kikifunguka saa kumi jioni, wingu hupaa zaidi ya kilomita 12 kwa muda usiofika saa moja. Upepo nao ukiwa unageuka mwelekeo na kuongezeka nguvu kadiri unavyokwenda juu, dhoruba huanza kuzunguka. Hapo huja mvua ya mawe makubwa, na siku nyingine tonado, ile chamchela kuu inayong'oa nyumba kwenye misingi yake.

Kila ninapoufikiria ufundi huu hunijia Machi ya mwaka 1948. Usiku wa tarehe 20, katika kambi ya jeshi la anga ya Tinker karibu na Oklahoma City, Kapteni Robert Miller alikuwa zamu. Alikuwa mgeni pale, mzaliwa wa California, na utabiri wa usiku ule haukutaja dhoruba yoyote. Mnamo saa nne usiku tonado ilipita kambini, ikaziponda ndege zilizoegeshwa uwanjani na kuacha hasara ya zaidi ya dola milioni 10. Tume ya uchunguzi ikasema janga lile halingeweza kutabiriwa. Jenerali Fred Borum, mkuu wa kambi, hakuridhika. Akawaagiza Miller na mkubwa wake wa kazi, Meja Ernest Fawbush, wachunguze kama kweli haliwezi kutabirika.

Basi watu wawili wakazama katika ramani za zamani. Walizipanga ramani za siku zilizowahi kuleta tonado, wakazilinganisha: unyevu ulikuwa wapi, hewa kavu ilisimama wapi, upepo wa juu ulipita wapi. Kompyuta ya kuwasaidia haikuwapo na rada ilikuwa bado changa. Walikuwa na karatasi, macho na kumbukumbu, na siku tatu tu. Asubuhi ya tarehe 25 wakachora ramani ya siku hiyo, na sura waliyoiona ilikuwa ile ile ya tarehe 20. Jenerali akawauliza: mtatoa utabiri wa tonado au hamtoi? Tonado kupiga mahali pamoja mara mbili ndani ya siku tano ni jambo adimu kupita kiasi, na wakikosea, jina lao lilikuwa limekwisha. Saa 8:50 mchana wakautoa. Ndege zikaingizwa mabandani, vitu vilivyolegea vikafungwa, watu wakaondolewa mahali pa hatari. Jioni dhoruba ikaonekana kufifia, Miller akarudi nyumbani amevunjika moyo, akiamini kazi yake imeharibika. Akiwa huko akasikia redioni kwamba tonado imepiga Tinker. Ilikuwa imepita mnamo saa kumi na mbili jioni. Hakufa mtu.

Ninachokienzi katika kisa hiki ni zile siku tatu za kutazama. Miller hakuacha kutazama baada ya hapo. Mwongozo alioutoa mwaka 1967 uliwafundisha watabiri wa vizazi vilivyofuata namna ya kuipanga mistari ya rangi juu ya ramani moja mpaka hatari ijitokeze yenyewe. Kabla yake alikuwapo John Finley, sajini wa jeshi, aliyejaribu kutabiri tonado mwaka 1884. Wakubwa waliisimamisha kazi yake, na kwa miaka mingi idara ya hali ya hewa haikuruhusu tonado itajwe katika utabiri, kwa hofu ya kuwatia watu kiwewe. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1938. Raia wa kawaida walianza kupewa tahadhari za tonado na idara mwaka 1952.

Mafuriko ni mtihani mwingine, pengine mgumu zaidi, kwa sababu macho ya watu huwa kwenye upepo. Jioni ya tarehe 31 Mei 2013 tonado yenye upana wa kilomita 4.2, pana kuliko zote zilizowahi kupimwa Marekani, ilipita karibu na El Reno na kuua watu wanane. Usiku huo huo dhoruba zilipita moja baada ya nyingine juu ya Oklahoma City, na mafuriko yakaua watu 13. Miongoni mwao walikuwamo waliojificha ndani ya makalvati wakiukimbia upepo. Mtabiri wa mafuriko hana budi kujua zaidi ya anga. Ajue kama udongo umekwisha kushiba mvua ya wiki iliyopita, ajue mitaro ya mji, ajue kama dhoruba zitapita au zitaganda juu ya bonde moja. Ujuzi huo hukaa ndani ya mtu aliyeitumikia sehemu moja miaka mingi, na akistaafu bila mrithi, huondoka nao.

Sisi tunaohudumiwa tumeupokea ufundi huu kwa uzembe. Tunatupia jicho kipicha cha wingu kwenye simu, kisha tunaendelea na safari. Tukisoma uwezekano wa asilimia 10 wa tonado tunaona kama hakuna kitu, ilhali mtabiri anasema kwamba katika eneo la kilomita 40 kutoka hapo ulipo, hatari imeizidi ya siku ya kawaida mara nyingi. Na wenye kushika fedha wamezidi kwa uzembe. Machi 2025, msimu wa dhoruba ukiwa mlangoni, urushaji wa maputo ya hali ya hewa ulisimamishwa Omaha na Rapid City kwa uhaba wa wafanyakazi, na vituo vingine vikapunguziwa kutoka mara mbili kwa siku hadi moja. Puto ndilo linalopanda na kumwambia mtabiri kifuniko kiko wapi na kina nguvu kiasi gani. Kituo kikinyamaza, penseli haina cha kuunganisha.

Msomaji wa mabonde ya mafuriko ya kwetu Afrika Mashariki, awe wa Jangwani au wa Budalang'i, asidhani haya ni ya wenzetu tu. Maputo hupangwa kurushwa dunia nzima kwa wakati mmoja: Oklahoma ikiwa saa moja asubuhi katika majira hayo, Afrika Mashariki ni saa tisa alasiri, na tarakimu zake hugawanywa kwa mataifa yote. Vituo vya Afrika ni vichache mno kwa ukubwa wa bara letu, na vingi havirushi kila siku. Masika yetu nayo hutabiriwa juu ya ramani yenye mapengo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa hali ya hewa, wa Norman na wa kwetu: mpeni mwanafunzi ramani tupu na penseli za rangi kabla hamjamwonyesha modeli ya kompyuta. Na wenye kupitisha bajeti, kila kituo kirushe puto lake mara mbili kwa siku, kama ilivyopangwa.