Piramidi na Mtende mbele ya Msemaji wa Nzuguni: Tahakiki ya Kipimo cha Mahusiano ya Maana

Mwaka 1992 David Howard na Karalyn Patterson walitoa kipimo kinachofahamika kwa jina la Piramidi na Mitende. Tangu hapo kimetumika kuchunguza iwapo mtu aliyepata kiharusi au maradhi ya kupoteza kumbukumbu bado anaunganisha maana. Kina seti 52; katika kila moja mtahiniwa huoneshwa picha, kisha huchagua kati ya mbili nyingine ile inayohusiana nayo zaidi. Katika seti iliyokipa kipimo jina, piramidi yapaswa kuandamana na mtende, si msonobari. Tunauliza hapa jibu hilo linapima nini hasa kwa mzee wa Nzuguni, jijini Dodoma, penye viwanja vya Nanenane.

Jibu linalotarajiwa halimo katika fahiwa ya neno piramidi. Linategemea kujua kwamba piramidi ziko Misri, na kwamba huko huota mitende. Mkulima wa mtama na uwele ambaye hakusoma jiografia anaweza kuchagua msonobari kwa kuwa nao umechongoka kuelekea juu, na hoja yake, kwa maoni yetu, haina kasoro. Hata hivyo atahesabiwa kosa. Makosa ya namna hiyo yakirundikana, mtu mwenye ubongo timamu ataandikwa kuwa maana zimempotea.

Kutafsiri majina ya picha hakutoshi. Tangu Collins na Quillian (1969) tumezoea kuichora leksikoni kama mti, neno jumuishi juu na haiponimu zake chini, na vitabu vyetu vya semantiki vimeufuata mchoro huo kwa utiifu uliozidi. Mpunga, mchele na wali haviukubali. Si sinonimu, hakuna kilicho haiponimu ya kingine, na nafaka, inayojumuisha viwili vya kwanza, hukiacha nje cha tatu. Kinachoviunganisha ni hatua: kukoboa, kisha kupika. Schwartz na wenzake (2011) walibainisha kwamba makosa ya wagonjwa wa afazia yanayotokana na uainishaji huhusishwa na sehemu ya mbele ya ndewe ya pembeni ya kushoto ya ubongo, na yale ya kimaudhui na eneo ndewe hiyo inapokutana na ya juu. Mgonjwa akisema mchele badala ya wali, kosa liwekwe upande gani? Kiingereza, chenye neno moja kwa vyote vitatu, hakikulazimika kuuliza.

Msanifu wa kipimo cha Kiswahili atakutana pia na mofolojia. Mbuyu, buyu na ubuyu vina mzizi mmoja, na viambishi vya ngeli ndivyo vinavyotenganisha mti, tunda na unga wake. Mtahiniwa anayesomewa maneno hayo anaweza kufuata sauti bila kuigusa maana. Seti ya mbuyu, basi, itolewe kwa picha pekee.