Uliusikia kwa Nini?

Katika toleo lililopita niliandika kuhusu wimbo wa kijana mmoja wa kikundi chetu cha vijana hapa Kakuma. Jina lake sikulitaja, na leo pia sitalitaja, lakini wenye kujua walijua. Niliandika hivi: "Wimbo hauna mgongo. Mwimbaji anaimba kama mtu aliye nyumba ya jirani. Ubeti wa pili ni ubeti wa kwanza uliobadilisha shati." Hiyo sentensi ya shati niliipenda sana. Watu waliicheka pale kituoni, na mimi nikacheka pamoja nao.

Siku tatu baada ya jarida kutoka, kijana alinikuta nafunga mlango wa stoo ya mipira. Hakuwa na hasira. Aliniuliza, "Kaka, ule wimbo uliusikia kwa nini?"

Nikamjibu, "Kwa sababu kusikiliza nyimbo zenu ni kazi yangu."

Akaniangalia kidogo, akasema sawa, akaenda. Tangu siku hiyo hajakuja mazoezini.

Leo naandika kuyaondoa yale maneno. Si yote, na nitasema yapi yanabaki. Lakini kwanza lazima niongee habari ya redio ya gari. Mnivumilie, maana bila hiyo redio mengine hayaeleweki.

Wimbo niliusikia ndani ya Probox, tukitoka Kakuma 1 kwenda Kalobeyei kwa mkutano. Dere alikuwa nao kwenye simu, jinsi nyimbo za huku zinavyosafiri, kutoka simu hadi simu. Tulijazana kama kawaida, vumbi linaingia, madirisha hayafungi vizuri. Niliusikia mara mbili kwenda na mara moja kurudi. Usiku nikaandika. Mara tatu, nikajiona mhakiki mwenye bidii kweli.

Sasa, hizi Probox zinakuja kutoka Japani zikiwa zimetumika, na zinakuja na redio yao ya kiwandani. Redio hiyo ina shida moja ambayo kila dere anaijua. Kule Japani FM yao inaanzia 76, na kwenye redio za zamani inaishia 90. Hapa Kenya stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio nzima, isiyo na kosa lolote, inafika hapa ikiwa karibu kiziwi: inashika kipembe tu cha mwanzo. Kuna kifaa kidogo mafundi wanakiita ekspanda. Kinawekwa kwenye waya wa antena na kinateremsha stesheni zetu hadi pale redio ya Kijapani inapoweza kuzishika. Lakini namba unayosoma kwenye kioo si namba ya stesheni tena, na bado zingine zinabaki nje. Ndiyo maana wenye magari wengi wanaitoa redio ya kiwandani na kuweka mpya yenye USB na blututhi. Spika za mlangoni zinabaki zile zile. Nyaya zinazopita ndani ya milango zinabaki zile zile. Kinachobadilishwa ni kichwa, mwili unabaki wa kiwandani.

Kazi yenyewe si ya kutisha, lakini ina mtego, na mtego ni rangi za nyaya. Redio mpya, ya kampuni yoyote karibu, inakuja na lugha moja: waya wa njano ni umeme wa betri wa moja kwa moja, ndio unaotunza kumbukumbu ya redio. Mwekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo. Mweusi ni ardhi. Mweupe ni spika ya mbele kushoto, wa kijivu ni ya mbele kulia, wa kijani ya nyuma kushoto, wa zambarau ya nyuma kulia. Kila mmoja wa hao wanne ana pacha wake mwenye mstari mweusi, na huyo pacha ndiye hasi.

Toyota nayo ina lugha yake. Nyuma ya redio ya kiwandani kuna plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Kwenye Toyota nyingi ile kubwa inabeba umeme na spika za mbele, ndogo inabeba za nyuma. Huko ndani mweusi si ardhi, ni chanya ya spika ya nyuma kushoto. Njano si betri, ni hasi ya spika hiyo hiyo. Na zambarau, ambayo kwenye redio mpya ni spika ya nyuma kulia, huku ni hasi ya spika ya mbele kushoto, chanya yake ikiwa ya pinki. Rangi ni ile ile, maana nyingine kabisa. Sisi tuliotoka Kivu tunaijua hiyo hali. Kwetu ukisema "bongo" umesema uongo. Siku ya kwanza nilipomwambia mwanafunzi mwenzangu Mkenya kwamba anasema bongo, alifikiri nasifu muziki wa Tanzania.

Dawa ya mtego huu inauzwa. Ni plagi ya kati, upande mmoja inaingia kwenye plagi za Toyota, upande mwingine ina nyaya zenye rangi za redio mpya. Unaunganisha njano na njano, nyeupe na nyeupe, unalehemu au unabana vizuri, unafunga tepu, umemaliza. Hakuna kilichokatwa kwenye gari. Siku mwenye gari akitaka kurudisha redio ya zamani, anachomoa na kuchomeka.

Fundi wa kwanza wa Probox ile hakufanya hivyo. Alikata plagi ya kiwandani kwa koleo, akaunganisha nyaya kwa kujaribu jaribu hadi sauti ikatoka milango yote miwili, akasema tayari. Na kweli sauti ilitoka. Hapo ndipo penye ubaya wa kosa lile: kila kitu kinawaka. Fyuzi haiungui. Spika zote mbili zinaimba. Ungekata waya mmoja ukanyamaza upande mmoja, hata mtoto angejua kuna shida.

Mimi nilijua kwa bahati. Ilikuwa kama miezi miwili baadaye, gari lile lile, wimbo ule ule. Mama mmoja alikaa mbele kushoto na mtoto amelala mapajani. Akamwambia dere, "Baba, punguza huku kwangu." Dere akasukuma balansi yote upande wa kulia, upande wake. Spika moja ikazimwa kabisa.

Na besi ikaja.

Nilikuwa kiti cha nyuma, nikainuka. Tulikuwa tumebaki na spika moja, ilipaswa sauti ipungue. Badala yake kukawa na ngoma ambayo sikuwahi kuisikia kwenye wimbo ule. Nikamwomba dere arudishe balansi katikati. Besi ikapotea. Kulia tena, ikarudi. Dere akasema, "Hiyo spika ya kushoto imekufa, nataka ninunue zile kubwa za kuweka nyuma." Nikamwambia asinunue kwanza.

Tulienda kwa mzee mmoja Mrundi anayetengeneza redio karibu na soko la Waethiopia. Alifungua mlango, akachomoa waya wa spika, akatoa betri ndogo ya tochi, ile ya volti 1.5, akaugusisha mara moja tu. Karatasi ya spika ikaruka nje. Akasema hiyo ndiyo njia ya kujua chanya: ukigusisha sawa, karatasi inatoka nje, ukigeuza inavutwa ndani. Kisha akafuata waya ule hadi nyuma ya redio. Mweupe, ambao ni chanya, ulikuwa umefungwa kwenye zambarau. Wenye mstari ulikuwa kwenye pinki. Umegeuzwa.

"Hizi spika hazijafa," alisema. "Zinagombana. Hii ikisukuma hewa, ile inavuta. Wewe uliyekaa katikati unabaki bila kitu."

Hiyo ndiyo sayansi yote. Besi na sauti ya mwimbaji kwa kawaida vinawekwa sawa sawa kushoto na kulia. Spika moja ikigeuzwa, besi ya kushoto na ya kulia zinauana hewani, na sauti ya mwimbaji haina tena mahali pa kukaa. Inaelea, inakuwa kama iko nje ya gari. Vile vilivyowekwa upande mmoja tu, kama gitaa au waitikiaji, vinabaki wazima na vinaonekana vinapiga kelele kumzidi mwenye wimbo.

"Kama mtu aliye nyumba ya jirani." Niliandika mimi. Nilieleza vizuri sana kosa la waya, kisha nikaweka jina la kijana chini yake.

Mzee aliunganisha upya kwa plagi ya kati. Alitoa ushauri mwingine ambao naupitisha kwa wenye magari. Ile "50 x 4" iliyoandikwa usoni pa redio ni nguvu ya mshtuko wa mara moja, kazi ya kila siku ni kama wati 20 hivi kwa kila spika, na spika nzima za kiwandani zinatosha usipozipigisha hadi mwisho. Hasi ya spika isifungwe kamwe kwenye bodi ya gari, utaua redio. Na magari mengine ya bei yana amplifaya yao ya kiwandani iliyofichwa: redio mpya itawaka taa zote na hutasikia kitu hadi waya wa bluu wenye mstari mweupe, unaoiamsha amplifaya, uunganishwe.

Tukaucheza wimbo, mlango umefunguliwa, mzee akiwa bado na bisibisi mkononi.

Ubeti wa kwanza hauna besi kabisa. Ni kusudi. Kuna gitaa la kushoto na kijana anasimulia siku ya kugawa chakula, foleni, kadi ya familia, jua. Anaimba bila kuinua sauti, kama anayehesabu. Kisha anasema kadi ina majina matano na waliopanga foleni ni wanne. Haelezi zaidi. Hapo ngoma inaingia, nzito, polepole, na ina mwendo wa kinu, mapigo mawili na pumzi, kama kina mama wanavyotwanga sombe jioni. Ubeti wa pili unaimbwa kwa tuni ile ile ya kwanza, ndiyo, hilo niliona sawa. Lakini chini yake kuna mtu anatwanga. Hakumtaja mama yake hata mara moja. Alimweka kwenye besi.

Na mimi nilisema amebadilisha shati.

Sasa yale yanayobaki. Ubeti wa tatu bado haunifurahishi, hata kwenye spika nzuri. Pale anaacha foleni na kadi na kinu, anaanza kutuambia tusikate tamaa, tuwe na ndoto, tutafika mbali. Hayo maneno yako kwenye kila fulana tunayogawiwa. Nahisi aliuandika ubeti ule kwa ajili ya wageni wanaokuja na kamera, na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mnaosoma hapa, msikasirike, lakini vijana wanajua ni mstari upi utawafanya mpige makofi. Mtu aliyeweza kunyamaza vile kwenye majina matano hakuhitaji kutuhubiria. Pia kuitikia kwa mwisho ni kurefu mno. Hayo niliyasema mara ya kwanza na nayasema tena, na safari hii nimeusikiliza kwenye gari lililotengenezwa, kwenye earphone, na kwenye redio ya gari ya kinyozi wetu inayofanya kazi kwa sola na betri, ambayo nayo nilimwomba mwenyewe niijaribu kwa betri ya tochi. Spika zake ziko sawa.

Lakini gharama ya lile kosa si ya kwangu. Nyimbo za jukwaa la tarehe 20 Juni zilichaguliwa wiki mbili baada ya jarida kutoka. Nilikuwepo kwenye kikao. Wimbo wake ulipofikiwa, mmoja wa wachaguzi alisema, "Huu si ule wa shati?" Wakacheka, wakaenda kwenye unaofuata. Haukuchezwa hata nusu dakika. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao na sikusema kitu, kwa sababu niliamini nilichoandika.

Swali lake nililielewa pale kwa mzee, nikiwa nimeshika tochi isiyo na betri. Hakuniuliza sababu. Alikuwa ameniuliza kwa kitu gani: kwa simu, kwa earphone, kwa redio ipi. Mtu aliyekaa studio usiku mzima akisogeza besi ile kidogo kidogo alijua la kuuliza. Ningemjibu "kwa Probox", nadhani angecheka na tungemaliza hapo.

Nilimpigia, hakushika. Nikamwandikia ujumbe mrefu wenye habari zote za waya mweupe na zambarau. Alijibu baada ya siku mbili, neno moja: "Sawa." Ni neno lile lile aliloniambia mlangoni pa stoo. Wenzake wanasema yuko Kakuma 3, anachaji simu za watu. Nimewaomba wahariri wampelekee nakala ya toleo hili kabla halijagawiwa, na kama kuna sentensi hataki ichapwe, itolewe.

Probox ile bado inapiga njia ya Kalobeyei asubuhi na jioni. Wimbo uko kwenye simu ya dere. Mwombeni auanzishe mwanzo.