Neno "Mpagani" na Sherehe za Mavuno Katika Unyamwezi

Asomaye maandishi ya Kiswahili juu ya desturi za Unyamwezi hukutana na jambo la ajabu. Lugha hii, ambayo Wanyamwezi wenyewe walisafiri nayo pamoja na mizigo ya pembe katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, haikosi neno la jembe, wala la mtama, wala la ngoma. Lakini ifikapo kwenye shukrani ya mavuno, hutumia maneno waliyopewa wenyeji na watu wengine. Waifanyao huitwa washenzi, au wapagani, au washirikina. Madhumuni ya makala hii ni kuyapima maneno hayo matatu na kuona kama yanaifaa kazi tunayoyapa.

Yafaa kwanza kulieleza jambo lenyewe. Katika nchi ya Nzega, ambamo Lusu imo, mvua huanza kwa kawaida mnamo Novemba na kukoma mnamo Aprili. Nafaka na karanga zikiisha kuvunwa, kiangazi huwa wakati wa nafasi. Zamani ndiyo majira ambayo wapagazi wengi walifunga mizigo kwenda pwani. Na tangu zamani ndiyo majira ya ngoma. Hapo vyama vya Wasukuma na Wanyamwezi hukutana: Bagika, wanaomkumbuka Ngika kuwa mwanzilishi wao, na Bagalu wa Gumha, mpinzani wake, Bayeye, wajuzi wa nyoka, Banunguli, wawindaji wa nungunungu, na Baswezi, wamheshimuo Lyangombe, ambaye habari zake zaenea hata katika nchi za maziwa makuu. Kila chama kina dawa zake, miiko yake na njia yake ya kuingiza wanachama. Hata waliobatizwa na waliosilimu huonekana uwanjani.

Hapana imani moja inayowaunganisha watu hao; kinachowaunganisha ni shindano. Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila upande mahali pake, na ashindaye ni yule avutaye watu wengi zaidi. Huu ni umoja wa wapinzani, wala si kanisa moja lenye mafundisho mamoja. Mwandishi asiyeliona jambo hili ameukosa moyo wa sherehe.

Sasa tuyatazame maneno. "Mshenzi" ni neno la misafara. Mtu wa pwani alilitumia kwa mtu wa bara, naye alipima mavazi, makao na dini kwa kipimo kimoja. Leo ni tusi tupu, na hapana haja ya kulijadili zaidi.

"Mpagani" lilikuja na wamisionari wa Kikristo. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ilikuwa mtu wa shamba, mkaaji wa kijijini. Kwa maana hiyo ya kale, mkulima wa Lusu angelipokea bila kinyongo! Lakini katika Kiswahili limezoeleka kuwa na maana ya mtu asiye na dini. Je, mtu amwitaye Mungu kwa majina ya Likube, Limatunda au Liwelelo, na awakumbukaye wazee wake kwa tambiko, aweza kusemwa hana dini? Neno hili halielezi alicho nacho mtu. Lahesabu tu asichokuwa nacho.

"Mshirikina" ni neno la elimu ya Kiislamu, na katika elimu hiyo lina maana thabiti: amshirikishaye Mungu na kingine. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa pia "shirika" na "ushirika". Basi wanakijiji wakilima pamoja tunasema wana ushirika; wakishukuru pamoja tunasema wana ushirikina. Lakini hatari ya neno hili yazidi mchezo wa maneno. Mwezi wa Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mauaji hayo yaliitwa ya kishirikina. Na tambiko la mzee amwagaye pombe kwa ajili ya marehemu babake huitwa vivyo hivyo. Lugha isiyotenganisha jinai na shukrani humponza asiye na hatia.

Yamkini msomaji atapinga kwamba Uingereza na Marekani wako watu leo wajiitao Wapagani kwa fahari, nao hufanya sikukuu ya mavuno mwanzo wa Agosti. Ni kweli, lakini wao walilichagua jina hilo wenyewe. Wa Unyamwezi walipachikwa. Kuyatia mambo haya mawili chini ya kichwa kimoja, "Upagani", ni kuunda dini ambayo hapana mtu wa Nzega aliyeifuata.

Mfano ulio bora twauona Usukumani. Huko Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement alijenga parokia katika miaka ya 1950, maandamano ya Ekaristi ya mwezi wa Juni hufuatwa na mashindano ya Bagika na Bagalu. Sikukuu hiyo yaitwa Bulabo, yaani maua. Jina limetoka katika lugha ya wenyeji, na halimtukani yeyote aliyemo.

Kazi hii haifai kucheleweshwa. Utemi ulifutwa na serikali mwaka 1963, na pamoja nao ikaondoka nyumba iliyotunza wajibu wa mtemi juu ya mvua na mbegu. Vyama vya ngoma, ambavyo havikufungwa na mpaka wa mtemi mmoja, vingali na watu. Lakini mengi ya maneno yao hayajaingia katika kamusi. Yatupasa basi tukitaje chama kwa jina lake, tendo kwa jina lake, na Mungu kwa jina aitwalo na wamwombao. Na "mpagani" tumwachie ajiitaye hivyo mwenyewe. Kamusi isemayo kwamba mtu hana dini, hali yuko uwanjani akishukuru, inahitaji kusahihishwa.