Mji Endelevu Bila Mtenda: Uhakiki wa Istilahi kwa Mfano wa Bujumbura

Makala haya yanahakiki istilahi mbili zilizoenea katika maandishi ya Kiswahili kuhusu mazingira ya miji: endelevu na stahimilivu. Hoja yake ni kwamba istilahi hizo, kwa umbo lake, humficha mtenda, na kwamba katika mji kama Bujumbura kufichwa huko kuna gharama.

Kiambishi tamati -vu, kama katika sikivu, tulivu na nyamavu, huonyesha sifa iliyomo ndani ya mwenye nayo. Kwa hiyo mji endelevu ni mji unaoendelea wenyewe, na mkazi stahimilivu ni yule anayevumilia. Nani autunze mji huo? Ni nini kilichomfika mkazi hata avumilie? Istilahi hazijibu. Tena, si kila kinachoendelea ni chema: mmomonyoko wa kingo za mto Ntahangwa nao unaendelea, huku mchanga na mawe ya mto huo yakichimbwa kujengea mji uleule.

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 katika maeneo ya kaskazini mwa Bujumbura, yakiwemo Kamenge na Kinama. Kuwaita walionusurika stahimilivu ni kuwasifu bila kuuliza nani alipaswa kuchimba mifereji.

Tulinganishe na amri ya Rais ya Agosti 2018 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki nchini Burundi. Amri hiyo inataja matendo: kuingiza, kutengeneza, kuuza na kutumia. Kila tendo lina mtu wake, na wote walipewa miezi 18 ya kujiandaa. Msomaji anaweza kuhoji iwapo mwenye kiwanda na mchuuzi wa nyanya walistahili muda uleule. Lakini walau anajua anahoji nini.

Yawezekana kujibiwa kwamba istilahi hizi zimekwisha kukita mizizi, hasa tangu Umoja wa Mataifa upitishe Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015. Ni kweli, wala makala haya hayapendekezi zifutwe. Yanapendekeza kwamba kila zitumikapo zifuatwe na kitenzi chenye kiima kilicho wazi. Mkazi wa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya biashara, anahitaji sentensi inayosema nani atazoa taka, siku gani, na kwa fedha za nani.