Uongozi wa Vyuo Vikuu na Lugha ya Wananchi

Katika mazungumzo ya siku hizi juu ya elimu ya juu, mambo yanayotajwa sana ni fedha, majengo na mitambo. Hayo yote ni ya haki kutajwa. Lakini liko jambo moja ambalo huachwa pembeni, nalo ni utamaduni wa uongozi wenyewe: kiongozi wa chuo kikuu anapofungua kinywa chake, anasema na nani? Makala haya yana shabaha ya kulichambua swali hilo.

Hatuna nia ya kuwafundisha wasomi kazi yao. Sisi tuliishia elimu ya sekondari, na maisha yetu yamepita katika ofisi za serikali huku Kibaha na Kisarawe, tukiandika barua mchana na mashairi usiku. Hata hivyo, asiyeingia jikoni huweza kuonja chakula akajua kama chumvi imekosekana.

Miaka michache iliyopita tulihudhuria mahafali ya chuo kikuu kimoja ambacho hatuna haja ya kukitaja. Karibu nasi aliketi mzee wa Kisarawe, mkulima wa mihogo na mikorosho, aliyekuja kumwona binti yake akipewa shahada. Kiongozi wa chuo alisimama, akahutubu kwa Kiingereza fasaha muda wa nusu saa. Watu walipopiga makofi, mzee alipiga. Walipocheka, alitutazama. Mwishowe akatuinamia akauliza, "Mwanangu, yule mkubwa anasema nini?" Tukamnong'oneza kwamba anawashukuru wazazi kwa kujinyima ili watoto wao wasome. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ametushukuru, nasi hatukusikia."

Neno hilo halijatutoka moyoni. Shukrani isiyomfikia anayeshukuriwa ni shukrani ya namna gani?

Wazaramo wa Kisarawe wana desturi ya kumweka mwali ndani akafundwa, kisha siku ikifika humtoa nje kwa ngoma na nyimbo. Tukiitazama vizuri desturi hii, tutaona kwamba mahafali ya chuo kikuu ni ndugu yake. Hapa na pale kijana ametengwa na watu wake apate kufundwa. Hapa na pale anarudishwa kwao akiwa mtu mwingine, mbele ya mashahidi. Tofauti ni moja. Mwali anapotolewa, nyimbo ni za waliomlea, na hakuna bibi aliyekuja uwanjani anayehitaji mkalimani. Katika mahafali tuliyoyaona, mwali alitolewa, na wazazi wakawa wageni katika sherehe yao wenyewe.

Haikukusudiwa iwe hivyo. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na darasa dogo la sheria ambalo halikufikia wanafunzi 20. Kilizaliwa ndani ya nyumba ya chama cha wananchi, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Kilipojitegemea tarehe 1 Julai, 1970, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo na Ndugu Pius Msekwa akiwa Makamu wa Mkuu wa Chuo, swali lililotawala lilikuwa ni hilo hilo: chuo hiki ni cha nani?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa kwa ukali Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Wako wanaosema adhabu ile ilikuwa kali kupita kiasi, na hoja yao si ya kupuuzwa. Lakini jambo la kukumbuka kuhusu uongozi ni kwamba papo hapo alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu aweza kuibishia adhabu. Ni vigumu kumbishia mtu aliyeanza na mfuko wake. Kiongozi alisema lugha ambayo mkulima wa Kisarawe aliielewa bila kutafsiriwa.

Sasa tuangalie mifano miwili iliyo karibu nasi. Wa kwanza ni Minaki, Kisarawe. Shule ile ilitokana na chuo cha wamisionari cha Kiungani, Unguja, kilichohamishiwa bara katika miaka ya 1920. Ilitoa walimu na watumishi wengi wa nchi, lakini ilijengwa juu ya fikra ya kumtenga kijana na kijiji chake. Wa pili ni Kibaha. Mradi ulioanzishwa kwa msaada wa nchi za Ulaya ya Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kukabidhiwa Tanzania mwaka 1970, uliweka mahali pamoja shule ya sekondari, huduma za afya ambazo leo tunazijua kwa jina la Hospitali ya Tumbi, na mafunzo ya wakulima. Mwanafunzi, mgonjwa na mkulima walikuwa majirani. Hatusemi kwamba ujirani huo ulizaa matunda yote yaliyotarajiwa. Twasema tu kwamba fikra yake ilikuwa sahihi, na kwamba viongozi wa vyuo vikuu wangefaidika kuitafakari.

Changamoto za elimu ya juu duniani leo zinaifanya fikra hiyo kuwa ya lazima. Idadi ya vijana wanaotaka kusoma inapita uwezo wa madarasa. Gharama zimekuwa mzozo kila mahali. Wanafunzi wa Afrika Kusini waliandamana mwaka 2015 kwa sababu ya ada, na mwaka huo huo sanamu ya Rhodes ikaondolewa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga milango ya vyuo kote ulimwenguni, na hapa kwetu kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei. Ndipo wengi walipoona maana ya elimu ya masafa, ambayo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilikuwa kimeihangaikia tangu miaka ya 1990.

Lakini kubwa kuliko yote ni akili unde. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 watu wengi wamepata mitambo inayoweza kuandika insha ya Kiingereza safi kwa dakika moja. Ikiwa chuo kikuu kilimpima kijana kwa ufasaha wa Kiingereza chake tu, basi mtambo huo umekwisha kuhitimu, na kwa daraja la kwanza. Kinachobaki kwa binadamu ni kuwajua watu wake, kuuliza swali ambalo halijaulizwa, na kulitetea jibu lake uso kwa uso. Yale anayoyajua mkulima wa Kisarawe juu ya udongo wake, mtambo hauwezi kuyajua ikiwa chuo kikuu hakikumwuliza.

Watatuambia: Kiingereza ni lugha ya dunia, na Kiswahili hakina istilahi. Hoja ya kwanza tunaikubali. Hatumtaki mtu akiache Kiingereza. Hoja ya pili imepitwa na wakati. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1970. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifike vyuo vikuu ifikapo mwaka 1992. Pendekezo halikutekelezwa. Kilichokosekana hakikuwa maneno.

Wala tusiwalaumu wasomi peke yao. Sisi watumishi tumeshiriki kosa hili. Kwa miaka mingi watafiti wamefika katika ofisi zetu wakiomba vibali vya kwenda vijijini na hojaji zao. Tuligonga mihuri, tukawaandikia watendaji wa vijiji wawapokee. Wanavijiji waliacha majembe wakajibu maswali. Ni mara chache mno tuliyaona majibu yakirudi, nasi hatukuyadai. Mkulima alitoa elimu, ikaandikwa kwa lugha asiyoisoma, ikawekwa kabatini asikoweza kufika.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, kiongozi wa chuo kikuu awahutubie wazazi kwa Kiswahili. Jambo hili halihitaji bajeti wala mkopo. Pili, kila tasnifu inayotokana na maarifa ya wanakijiji iwe na muhtasari wa Kiswahili, na muhtasari huo urudishwe kijijini. Nasi maofisini tusitoe kibali bila ahadi hiyo. Tatu, viongozi hao waandaliwe. Mwaka 2022 ilifunguliwa hapa Kibaha Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa ushirikiano wa vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Ikiwa kiongozi wa chama huhitaji kufundwa, kwa nini tudhani kwamba profesa hodari wa kemia atajua kuongoza maelfu ya watu kwa kuwa tu ni hodari wa kemia?

Yule mzee alirudi Kisarawe na binti yake jioni ile. Hatujui walizungumza nini njiani, ila twajua kwamba walizungumza kwa Kiswahili. Shahada ile sasa ingepimwa kwa lugha hiyo. Kwa desturi yetu, tunafunga kwa ubeti:

Chuo si mnara wake, mlimani ulokaa,
Hupimwa kwa tunda lake, kijijini likafaa,
Mkuu wake ashuke, asikie wenye njaa,
Lugha yetu itumike, elimu izidi ng'aa.