Karatasi Yenye Mstari Katikati

Aliyepita kidato cha tano anaijua karatasi ile. Juu ina kichwa cha herufi kubwa kinachotangaza maneno ya Kiingereza yanayochanganywa, na chini yake mstari umeshuka katikati kama mpaka wa mashamba mawili. Kushoto “affect”, kulia “effect”. Kushoto “principal”, kulia “principle”. Kila neno na maana yake fupi, likaririwe kabla ya mtihani. Maana hizo nyingi ni sahihi, sina ugomvi nazo. Ninachotaka kukisoma hapa ni umbo la karatasi yenyewe, hasa ule mstari.

Mstari unadai kwamba maneno ya kila jozi ni pacha na kwamba yote huchanganywa kwa sababu moja. Ukifika kwenye “borrow” na “lend” dai hilo linaanguka. Maneno hayo hayana hata herufi moja ya pamoja, wala kwa sikio hayakaribiani. Kinachoyachanganya ni nini, basi? Kiswahili. Kwetu mzizi ni mmoja na mnyambuliko ndio unaogeuza njia ya pesa: Asha anakopa, Juma anakopesha. Kuazima ndiko kulegevu zaidi, maana “nimeazima kalamu kwake” na “niazime kalamu” hupita vinywani kila siku bila mtu kuuliza nani mtoaji. Mwanafunzi anayesema “borrow me your pen” hajakosa akili. Ameitafuta “-sha” ndani ya “borrow”, hakuiona, akamtwika “me” kazi ya kiambishi. Ukimwandikia pembeni kwamba “lend” ni kuazimisha, umempa asichokihitaji, kwa kuwa maana anaijua tangu utotoni. Aonyeshwe majirani wa vitenzi hivi ndani ya sentensi: “lend” hupenda kuandamana na mpokeaji, “borrow” humtaja mwenye mali baada ya “from”. Safu mbili hazina nafasi ya majirani.

Kuna jozi ambazo mahali pake ni mdomoni wala si karatasini. Kiswahili kina irabu tano tu, kwa hiyo “hat”, “hut”, “heart” na “hurt” kwa wengi wetu hutua karibu na “a” ileile, na “first” ikawa “fast”. Hizo zisomwe kwa sauti. Kuziandika bila kuzitamka ni kumfundisha mtu kuogelea ubaoni.

“Affect” na “effect” ni pacha kweli. Karatasi husema la kwanza ni kitenzi, la pili ni nomino, na mara nyingi kanuni hiyo inatosha. Lakini mwanafunzi wa kidato cha sita husoma mapana, na siku moja atakutana na “to effect change” katika makala ya siasa, “effect” ikiwa kitenzi waziwazi. Afanye nini na kanuni yake? Maneno haya yote yalizaliwa na kitenzi kimoja cha Kilatini, “facere”, yaani kufanya. Moja likavishwa kiambishi cha kuelekea, jingine cha kutoka nje. Hapa mnyambuliko uliomponza kwenye mkopo unaweza kumwokoa: “affect” iko upande wa kufanyia, “effect” upande wa kufanyika, jambo limetoka likaonekana. Si tafsiri kamili, ila inafika mbali kuliko kanuni ya kitenzi na nomino.

Kisha kuna vikumbusho. Kwamba “principal” huishia na “pal”, rafiki, kwa hiyo mkuu wa shule ni rafiki yako. Sijui kilitungwa kwa mwanafunzi wa wapi. Aliyewahi kuitwa ofisini kwa mkuu atakicheka. Tena kinamwacha solemba mwanafunzi wa biashara, anayekutana na “principal” kila anapokokotoa riba, na huko ni kiasi kilichokopwa. Pesa hiyo si rafiki ya mtu.

Kikumbusho cha “stationery” ni kizuri zaidi: “e” ya kwanza katika “envelope”. Bahasha zenyewe ziko dukani, kando ya kalamu na mashine ya kutoa kopi. Lakini tazama mabango ya steshenari katika miji yetu uone mara ngapi fundi rangi ameandika STATIONARY, neno la kitu kisichosogea. Mwalimu wa Kiingereza akipita huguna, nami pia nimeguna. Ila maneno hayo mawili yalitoka nyumba moja. Katika vyuo vya Ulaya ya zamani, “stationarius” alikuwa muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na wachuuzi waliozunguka na bidhaa zao. Tungesema mwenye fremu mbele ya machinga. Kwake Waingereza walipata “stationer”, na mwaka 1557 wenye kazi hiyo mjini London walipewa hati ya kifalme ya chama chao. Bidhaa zake zikaitwa kwa jina lake, na “e” ya “stationer” ikabaki katika tahajia yake.

Mwanafunzi akiandika kama fundi rangi atakatwa alama, na ni haki akatwe. Lakini karatasi yenye mstari haitamwambia kwamba “a” iliyomponza ndiyo iliyokuwa kwenye jina la yule muuza vitabu, kabla maneno hayajapewa kila moja safu yake.