Mzee wa bisi

Orville Redenbacher alizaliwa 1907, akakulia shambani Indiana, Marekani. Alilima mahindi ya bisi tangu utotoni, akayauza. Mwaka 1928 alihitimu kilimo Chuo Kikuu cha Purdue. Baadaye, yeye na mwenzake Charlie Bowman walichanganya mbegu kwa miaka mingi hadi wakapata punje inayofumuka kubwa na laini, inayoacha mbegu ngumu chache tu chini ya sufuria. Wenye maduka walilalamikia bei ya bisi hizo. Redenbacher hakulegeza ubora; alipakia mzigo garini akazunguka kuuza mwenyewe, tayari mtu wa makamo. Baba huyu wa mabinti watatu alitokea kwenye matangazo ya televisheni na tai yake ya kipepeo, mjukuu wake Gary pembeni. Muuzaji anayeijua bidhaa yake tangu mbegu anastahili heshima kubwa. Alifariki 1995, akiwa na miaka 88.